Nani Aliulipia Msikiti Mkuu wa Kilwa?

Mjini Lubumbashi mtu akisema anakwenda Kilwa, hakuna anayemuuliza ni Kilwa ipi. Gari litapita Kasomeno, litaiacha njia ya Kasenga mkono wa kulia, kisha litapanda kaskazini mpaka ukingo wa ziwa Mweru, katika eneo la Pweto. Huko kuna bandari ndogo ya Haut-Katanga, mitumbwi, nyavu na wachuuzi wa samaki. Mbele ya bandari hiyo, majini, kiko kisiwa chenye jina hilohilo. Kisiwa hicho kipo karibu na upande wa Kongo, lakini wakoloni walipogawana ziwa kiliangukia Zambia.

Sasa mtu huyo atafute ramani, aweke rula juu ya Kilwa yake na apige mstari kwenda mashariki bila kupanda wala kushuka. Mstari utakata kaskazini mwa Zambia, utapita karibu na Tunduma mpakani, utavuka kusini mwa Tanzania, na baada ya kilomita 1,200 hivi utaingia Bahari ya Hindi karibu kabisa na Kilwa nyingine. Hiyo ndiyo Kilwa Kisiwani, mji uliotawala biashara ya pwani kwa karne kadhaa. Humo umesimama Msikiti Mkuu, mmoja wa misikiti mikongwe kuliko yote ambayo kuta zake bado zinaonekana katika Afrika Mashariki.

Watalii wengi huja kuutazama kwa sababu ya nguzo na kuba zake. Hupiga picha, husikiliza maelezo ya mtembeza wageni, hurudi botini. Msafiri atokaye bara ana swali jingine la kuwauliza wenyeji wake, na ni swali la mtu anayejua migodi na masoko: fedha za kujenga jengo kama hili, kwenye kisiwa kisicho na dhahabu wala shaba wala tembo, zilitoka wapi?

Kilwa mbili katika mwaka mmoja

Mwaka 2004 majina yote mawili yalifika kwenye meza za wakubwa wa dunia. Kilwa Kisiwani, pamoja na magofu jirani ya Songo Mnara, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. UNESCO ilikuwa imeyatambua magofu hayo tangu 1981, lakini mawimbi yalikuwa yakila ufuko, na mizizi ilikuwa ikipasua kuta.

Oktoba ya mwaka huohuo, watu wachache wenye silaha waliiteka Kilwa ya Mweru, na jeshi la Kongo likaja kuikomboa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliochunguza ulisema watu wasiopungua 73 walikufa, na baadhi yao waliuawa bila kuhukumiwa. Mji ule ulikuwa muhimu kwa sababu ya shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi, iliyovushwa ziwani kutoka hapo kuelekea Zambia na hatimaye baharini. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru washtakiwa wa mauaji hayo mwaka 2007. Miaka kumi baadaye, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kuwa serikali ya Kongo inapaswa kuwalipa fidia walalamikaji.

Madini yanachimbwa bara, yanavuka maji, yanapelekwa pwani, na mwenye bandari anatajirika au anaumia. Msafiri wa Katanga akiwa na habari hiyo kichwani, atausoma Msikiti Mkuu haraka kuliko mtalii aliyeshuka jana kutoka Ulaya.

Njia ya kushuka pwani

Biashara kati ya Luapula na bahari ni ya zamani. Kufikia karne ya 18, pembe za ndovu na shaba kutoka himaya ya Kazembe, kusini mwa Mweru, zilikuwa zikipita mikononi mwa Wabisa na Wayao hadi bandari za pwani, Kilwa ikiwa mojawapo. Livingstone alipofika ziwa Mweru Novemba 1867, alimkuta kwa Kazembe mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Msiri, aliyetoka Unyamwezi kwa kufuata shaba, alijenga dola yake Bunkeya, akauza pembe, shaba na watu upande wa mashariki na magharibi pia. Alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, waliomuua walikuwa watu wa msafara wa Stairs, uliotokea Zanzibar ukiwa na wapagazi wa pwani. Kiswahili cha migodi ya Lubumbashi, mji ulioanzishwa 1910, kilitanguliwa na nyayo za misafara ya aina hiyo.

Siku hizi njia imekuwa ya lami. Malori ya shaba hutoka Kasumbalesa, huvuka Zambia hadi Nakonde na Tunduma, kisha huteremka hadi bandari ya Dar es Salaam. Abiria hupanda mabasi yanayofuata njia hiyohiyo, au huingia reli ya TAZARA pale Kapiri Mposhi na kusafiri kilomita 1,860 hadi Dar. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo Mkongomani anafika Tanzania akiwa jirani wa Jumuiya, ingawa foleni za mpakani hazijapata habari hizo.

Kutoka Dar es Salaam safari inageukia kusini. Mabasi ya mikoa ya kusini hupita Mbagala, na safari ni ya kilomita 300 hivi mpaka Kilwa Masoko. Zamani abiria walilala kwenye kingo za Rufiji wakisubiri pantoni. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa 2003 na kuimaliza kero hiyo.

Kilwa zenyewe ni tatu katika wilaya hiyo, na mgeni asipoangalia atashuka pasipo pake. Kilwa Masoko ni makao ya wilaya. Kilwa Kivinje, mwendo mfupi kaskazini, ni mji wa karne ya 19. Kilwa Kisiwani ndiyo ya kale, nayo imo baharini. Kibali cha kuingia magofuni huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, na kuvuka bila mtembeza wageni hakuruhusiwi. Kisha ni mashua au boti ya injini. Mlango wa bahari ni mwembamba, wa kilomita mbili hivi, na upepo ukiwa mzuri tanga linafika upesi.

Kuta na nguzo

Boti hushusha wageni karibu na Gereza, ngome iliyojengwa na Waomani karibu na mwaka 1800 juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu, mibuyu ikiwa pembeni na mbuzi wa wanakijiji wakikatiza njia. Wanakijiji wana msikiti wao wa kuswalia. Huu wa wageni, mkubwa na usio na paa kamili, unatokea ghafla penye uwazi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba pale kuna misikiti miwili iliyounganishwa. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12. Ulikuwa ukumbi mdogo wenye nguzo tisa, tatu kwa tatu, zilizoligawa paa katika vyumba kumi na sita vya mraba. Nguzo hizo mwanzoni zilichongwa kwa matumbawe, na baadaye zikabadilishwa kwa mbao. Ukumbi wote ulifunikwa, bila ua wa katikati kama ilivyo desturi ya misikiti mingi ya kale ya Uarabuni. Kwenye pwani yenye mvua za masika, uamuzi huo hauhitaji maelezo marefu.

Mihrabu iko ukuta wa kaskazini. Mwislamu wa Lubumbashi hugeuka kidogo kuelekea mashariki anapoitafuta kibla, kwa sababu Makka iko kaskazini-mashariki yake, kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Kilwa haina haja ya kugeuka. Kisiwa hicho na Makka vinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa longitudo, hivyo anayeielekea mihrabu ile ameielekea kaskazini kamili.

Sehemu ya kusini ni kubwa zaidi, nayo ndiyo inayowanyamazisha wageni. Iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Nguzo za pembe nane zimepangwa safu kwa safu. Juu yake kuba zinapokezana na matao marefu ya duara, na zile zilizosalia bado zinaonyesha alama za mafundi walioziunda. Kwenye kona ya kusini-mashariki kulikuwa na chumba chenye kuba kubwa, mahali pa sultani pa kuswalia, na kwa karne nyingi pwani haikuwa na kuba ya kuizidi hiyo.

Vifaa vyote ni vya baharini. Mawe ya kuta ni matumbawe magumu ya nchi kavu. Mapambo, vipande vya mihrabu na nguzo za mwanzo vilichongwa kwa matumbawe laini, yaliyotolewa chini ya maji na kufanyiwa kazi kabla hayajakauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuru la magogo kwa siku kadhaa. Boriti za mikoko ziliamua upana wa vyumba vya nyumba za kawaida, maana boriti haizidi mita tatu hivi. Fundi aliyetaka nafasi pana kuliko boriti ilimbidi ajue kujenga tao na kuba, na ujuzi huo uligharimu fedha.

Dhahabu ya wengine

Al-Hasan bin Sulaiman alikuwa tajiri kwa sababu alikuwa na Sofala. Bandari hiyo, katika Msumbiji ya leo, ilipokea dhahabu kutoka nyanda za juu za Zimbabwe. Majahazi ya Kilwa yaliipakia, Kilwa ikaitoza ushuru, na wafanyabiashara wa Uarabuni, Uajemi na India wakaja kuichukua wakiwa na nguo, shanga na vyombo vya kauri. Ingependeza kumwambia msomaji wa Lubumbashi kwamba shaba ya kwao ndiyo iliyonunua zile kuba. Ushahidi unaelekeza Zimbabwe. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan imewahi kuchimbuliwa katika magofu ya Great Zimbabwe yenyewe. Sarafu za Kilwa zimefika hata mahali ambapo hakuna aliyezitarajia: mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota kadhaa ufukweni mwa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake.

Sultani huyo hakujenga msikiti peke yake. Upande wa mashariki wa kisiwa, juu ya genge linalotazama bahari, alijenga Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane. Mtalii mwenye nguvu za miguu huenda kuliona baada ya msikiti, na hapo ndipo hupata kipimo cha utajiri uliokuwepo.

Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, mwanazuoni wa Tangier aliyezunguka nusu ya dunia ya Kiislamu. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Cha ajabu, aliandika juu ya majengo ya mbao na mapaa ya nyasi, na kuhusu kuba hakusema neno. Alichokiona na kukisimulia kwa kina ni tukio la nje ya msikiti. Sultani alikuwa akitoka katika swala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemeni akamsimamisha na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani alirudi ndani katika chumba cha khatibu, akavua, akavaa nyingine, na kumwachia fakiri zile alizoziomba. Mwanawe akamfuata yule fakiri, akazichukua nguo na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu tendo hilo, aliongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Simulizi hiyo husomwa kama mfano wa ukarimu, na ndivyo Ibn Battuta alivyoikusudia. Msomaji wa leo hawezi kuacha kuona sarafu iliyotumika. Watu ishirini na meno ya tembo, vyote kutoka bara, vilitolewa na sultani wa msikiti huohuo ambao mtalii anauingia akiwa na kamera. Hapo ndipo swali la nani aliyelipa linapoanza kuwa zito.

Msikiti ulioanguka

Tarehe za Kilwa, historia iliyoandikwa kwa Kiarabu mnamo 1520, zinaeleza kwamba ujenzi wa al-Hasan uliporomoka. Kuba aliyokuwa akiswalia sultani ndiyo iliyobaki imesimama. Nguzo za kipande kimoja cha matumbawe hazikuhimili uzito wa dari la mawe, na kwa miongo mingi waumini wa mji huo tajiri waliswali chini ya vibanda na mahema.

Ukarabati ulikuja mwanzoni mwa karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad. Tarehe zinasimulia kuwa mtu mmoja wa ukoo wa kifalme aliomba ruhusa ya kuujenga upya kwa mali yake. Sultani akampa mithkali 1,000 za dhahabu. Watu wakamshauri azipokee, maana akikataa huenda akanyimwa ruhusa. Alizipokea, akaziweka, akajenga kwa fedha zake mwenyewe, na sultani alipofariki akazirudisha kwa warithi. Nguzo ambazo msafiri anazigusa leo katika sehemu ya kusini ni za ujenzi huo wa pili. Hazikuchongwa kutoka jiwe moja. Zilijengwa kwa mawe madogo na chokaa, nene zaidi, za mafundi waliokuwa wameona makosa ya wenzao.

Wareno walikuja karne moja baadaye. Vasco da Gama, mwaka 1502, alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Julai 1505 meli za Francisco de Almeida ziliushambulia mji na kuupora. Dhahabu ya kodi ile haikupotea. Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe chombo cha ibada ya Kikatoliki, kilichokamilika 1506, nacho kipo katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale mjini Lisbon. Mtalii anaweza kukata tiketi na kukitazama nyuma ya kioo. Dhahabu iliyochimbwa Zimbabwe na kujenga msikiti Kilwa ilipamba pia altare ya Ureno.

Ureno iliiacha ngome yake mwaka 1512, na biashara ya Sofala ikawa imevurugika. Kilwa ilipoinuka tena katika karne ya 18, haikuwa kwa dhahabu. Mwaka 1776 sultani wake aliweka mkataba na Mfaransa Morice, aliyetaka watumwa wasiopungua 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mascarene. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, na watu waliotembezwa kutoka pande za ziwa Nyasa walipakiwa hapo kwenda Zanzibar. Mkataba ambao Sultani Barghash aliusaini mwaka 1873 ndio uliopiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari.

Kwa hiyo mtembeza wageni anapoanza na Shirazi, yaani hadithi ya Ali bin al-Hasan aliyekinunua kisiwa kwa nguo ya kukizunguka chote, mgeni wa bara amsikilize mpaka mwisho, kisha aulize kuhusu wapagazi. Watembezaji wengi wa hapo wana majibu mazuri. Wanangoja tu kuulizwa.

Adabu za mgeni

Magofu hayana zulia wala imamu, na hapo ndipo wageni hupotoka. Wengine hupanda kuta wapate picha, wengine huketi ndani ya mihrabu. Wanakijiji ni Waislamu, na kwao msikiti ulioanguka paa haujaacha kuwa msikiti. Mwanamke aliyetoka Lubumbashi hana haja ya kununua chochote: kitenge chake kiunoni na kitambaa mabegani vinatosha. Mwanamume aache kaptura hotelini. Picha za watu huombwa kwanza. Ijumaa mchana si saa ya kumsumbua mtembezaji, kwani naye ana swala.

Salamu nazo zina uzito. Aliyezoea kumwambia mzee wa Katanga "Jambo, baba" atasikia vijana wa hapa wakiamkia "Shikamoo", na mzee akiitikia "Marahaba". Mgeni akianza hivyo, mazungumzo hufunguka. Watacheka kidogo Kiswahili chake cha Katanga, naye atacheka chao, na chai itapatikana.

Katika misikiti mikubwa iliyo hai mambo yamepangwa kwa saa na kanuni. Msikiti wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa 2001, hupokea wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke asiye na mtandio haruhusiwi kupita. Ndani kuna zulia la mita 70 kwa 60, lenye uzito wa tani 21, lililofumwa Iran na wanawake 600. Mjini Kampala, mlimani Old Kampala, wageni wa Msikiti wa Taifa wa Uganda hupewa vitambaa mlangoni na kupandishwa mnara kuona vilima vyote vya mji.

Huko pia swali la nani aliyelipa lina jibu, na jibu linaonekana. Muscat ulijengwa kwa amri ya sultani aliyekuwa na mafuta. Ule wa Kampala ulianzishwa enzi za Idi Amin, ukakwama, ukamalizwa kwa fedha za Gaddafi, ukaitwa kwa jina lake hadi 2013, ulipobadilishwa na kuwa wa taifa. Msikiti wa Hassan II mjini Casablanca, uliozinduliwa 1993, ulichangiwa na wananchi wa Morocco, na wachangiaji walipewa vyeti. Kilwa haikutoa vyeti kwa wachimbaji wa Zimbabwe wala kwa wapagazi.

Fedha za leo

Msikiti Mkuu bado unagharimu fedha. Baada ya 2004, Tanzania na wafadhili, wakiwemo Ufaransa na Japan, waligharamia kazi ya kuimarisha kuta, kukata miti iliyoota juu yake, na kuzuia mawimbi. Wanakijiji walifundishwa kazi za ukarabati na kupanda mikoko ufukweni. Mafundi walirudi kwenye chokaa, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko matumbawe, na ikikazwa juu yake hunasa unyevu na kulipasua jiwe la zamani. Mwaka 2014 magofu yaliondolewa kwenye orodha ya hatari. Kiingilio cha mgeni sasa ni sehemu ya bajeti ya kuyatunza, kidogo kikilinganishwa na mahitaji.

Mwenye siku ya pili asirudi Dar kabla ya kuiona Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini, ambacho hukamilisha habari ya msikiti. Kuna nyumba za mawe zaidi ya 40 na misikiti kadhaa ya karne za 14 na 15, za watu waliofanya biashara bila kuwa masultani. Wanaakiolojia waliochimba huko walifukua hazina ya sarafu za shaba zaidi ya 300 zilizofichwa pamoja, akiba ya mtu ambaye hakurudi kuichukua. Boti hutoka Masoko asubuhi, na nahodha hupanga safari kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Yakiwa yamepwa, abiria huvua viatu, hukunja suruali na kutembea kwenye matope ya mikoko hadi nchi kavu, kwa hiyo inafaa kuuliza saa ya maji kujaa jioni moja kabla.